Njia ya Maji Maji: Safari ya Kutafuta Ushahidi wa Historia

Nafundisha historia, na insha za wanafunzi kuhusu Vita vya Maji Maji nimezisoma nyingi. Karibu zote ni insha moja: sababu za vita, athari zake, kwa nini wapiganaji walishindwa, basi. Mwanafunzi wa Lindi, ambaye mababu zake walikimbilia msituni mwaka 1905, anaandika maneno yale yale anayoyaandika mwenzake wa Mwanza, kwa kuwa wote wamenakili kitabu kimoja. Jambo hilo limenikera siku nyingi. Shule zilipofungwa katikati ya mwaka nikaamua kuifuata njia ya vita ile, kutoka Dar es Salaam hadi Songea, nikitafuta vyanzo vya msingi: maandishi, vitu, mahali, na masimulizi ya watu wa wakati ule au ya waliosimuliwa na watu hao kwa vinywa vyao. Nimerudi na hamu ya kuwaonyesha wanafunzi na walimu wenzangu kwamba vyanzo hivyo vipo na vinafikika.

Upanga na Mlimani

Atakaye kwenda kusini kutafuta Maji Maji aanzie Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa. Chumba cha kusomea kina utulivu wake. Peni haziruhusiwi, huandikwa kwa penseli. Unapitia faharasa, unaandika namba ya jalada kwenye fomu, unasubiri, kisha unaletewa karatasi zilizoshikwa na karani wa Kijerumani zaidi ya miaka mia iliyopita. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza majalada haya ya enzi ya Wajerumani katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia, kwa hiyo anayeyafungua hapa Upanga anafungua kitu ambacho dunia nzima imekikiri kuwa hazina.

Wanafunzi wengi wakisikia neno Kijerumani hukata tamaa mlangoni. Wasikate. Serikali ile iliendesha mambo yake ya wilayani kwa Kiswahili, na katikati ya karatasi za Kijerumani mna barua za maliwali, maakida na walimu wa shule za serikali, nyingine kwa herufi za Kilatini, nyingine kwa herufi za Kiarabu. Kijana wa pwani aliyepitia chuoni kwa maalimu anaweza kusoma barua ambayo profesa kutoka ng'ambo atahitaji kusomewa. Muhimu ni kujua maswali ya kuiuliza barua hiyo: nani ameiandika, amemwandikia nani, lini, na alitaka kupata nini? Akida anayemwandikia bwana mkubwa kwamba watu wanaipenda pamba hatuelezi kama watu waliipenda pamba. Anatueleza alichotaka bwana mkubwa akiamini. Huo nao ni ushahidi, kwa anayejua kuusoma.

Kesho yake nilipanda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika maktaba kuu, sehemu ya mkusanyiko wa Afrika Mashariki, kuna kazi ambayo kila mwanafunzi wa historia nchini angepaswa kuishika mkononi walau mara moja. Mwaka 1968 Idara ya Historia iliwatuma wanafunzi wake kwenye maeneo yaliyopigana vita vya Maji Maji, wakawahoji wazee. Waliowaongoza walikuwa John Iliffe na Gilbert Gwassa. Wanafunzi wale walikaa na watu waliokunywa maji ya vita, waliobeba mizigo ya askari, waliozika ndugu zao wakati wa njaa, wakaandika walichosikia. Mwaka uliofuata maandishi yao yakakusanywa pamoja, na hadi leo mtu haandiki kitabu cha maana kuhusu vita ile bila kuyarejea. Ni kazi ya vijana wa chuo, wa umri wa hawa tunaowaambia leo kwamba bado ni wadogo kufanya utafiti.

Pale Mlimani ndipo mwanafunzi anapojifunza pia kwamba vyanzo hugombana. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa, baada ya kusikiliza wazee na kupima ukubwa wa njaa iliyofuata, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kati ya hesabu hizo mbili kuna watu wengi kuliko wakazi wa miji yetu mingi ya leo. Mwanafunzi asiyejua hesabu hizo zilipatikanaje hana njia ya kusema ipi aiamini.

Rufiji hadi Mohoro

Barabara ya kusini hupita Kibiti na mikorosho yake, ikashuka Ikwiriri, na ghafla bonde linafunguka. Mto Rufiji ni mpana, maji yake ya rangi ya udongo, na daraja la Mkapa lenye urefu wa karibu kilometa moja linauvuka tangu mwaka 2003. Ikwiriri nilikula kambale wa mtoni kwa wali wa mpunga wa bondeni, mchele wenye harufu nzuri hata kabla ya sahani kufika mezani.

Upande wa magharibi wa barabara hii ndiko iliko Ngarambe, nyumbani kwa Kinjikitile Ngwale. Mwaka 1904, wasimulizi wanasema, alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo akaingia kwenye kidimbwi cha mto, akatoka kesho yake akiwa mkavu, na tangu hapo watu wakamiminika kwake kutafuta dawa ya kuwaunganisha. Wanafunzi wetu wanamfahamu zaidi kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, na wengi huinukuu katika insha za historia kana kwamba ni hati. Hussein mwenyewe aliwatahadharisha wasomaji kwamba mhusika wake ni wa kubuni, ingawa anafanana na yule wa historia. Tamthilia ile ni chanzo kizuri mno, lakini ni chanzo cha kuijua Tanzania ya miaka ya 1960, wakati taifa changa lilipokuwa likijiuliza umoja hupatikanaje. Ukiuliza swali la 1905, nenda Ngarambe na Mohoro.

Mohoro ni mji mdogo wenye kivuli cha minazi na miembe. Hapa, tarehe 4 Agosti 1905, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile. Vita ilikuwa na siku chache tu tangu ianze. Walidhani wameuzima moto. Kabla mwezi haujaisha, wapiganaji walikuwa wamelifikia boma la Mahenge, mbali kabisa bara. Nilikaa kwenye baraza ya duka nikiongea na wazee waliokuwa wakicheza bao. Walinionyesha upande ambako inasemwa alinyongwa, wakabishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu mahali hasa. Mabishano yao niliyaandika yote, kila kauli na aliyeisema. Mwanafunzi asifute mabishano ili apate jibu safi.

Nandete

Somanga basi likisimama tu madirisha hujaa sinia za samaki wa kukaanga na pweza. Kutoka hapo niliiacha lami nikapanda milima ya Umatumbi kupitia Kipatimu. Hewa inabadilika. Mashamba ya ufuta ya tambarare yanabaki nyuma, na miteremko inajaa minazi, mihogo na michungwa. Machungwa ya Umatumbi yana sifa yake kusini yote, na sifa hiyo ni ya haki.

Nandete ndiko vita ilikoanza, mwishoni mwa Julai 1905, watu walipong'oa miche ya pamba. Kuna mnara wa kumbukumbu. Wajerumani walikuwa wameanzisha mashamba ya pamba ya pamoja tangu mwaka 1902, na katika karatasi za mpango wao kila mtu alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka. Karatasi hiyo ukiisoma Dar es Salaam, unaweza kudhani haikuwa kazi kubwa.

Nilipelekwa kwa mzee mmoja anayeheshimiwa kwa kujua mambo ya zamani. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, karibu, keti kwanza." Kitabu hakikutoka mkobani. Tuliulizana habari za safari, za mvua, za watoto. Nikaletewa dafu, nikanywa. Ndipo yeye mwenyewe akauliza, "Umekuja kwa ajili ya mambo ya pamba?" Nikamwomba ruhusa ya kuandika, akaniruhusu. Alieleza kwamba habari alizipata kwa bibi yake, na bibi yake alikuwa msichana wakati ule. Nilimuuliza kuhusu zile siku 28. Akasema, "Bibi hakutuhesabia siku. Alitusimulia viboko. Alisema ukilima pamba ya Jumbe, mtama wako unaliwa na nguruwe, na mwaka unaokuja huna mbegu."

Hilo ndilo nililolifuata Umatumbi. Karatasi inatoa hesabu ya siku. Mzee anaeleza siku hizo ziliangukia wakati gani, palizi ya nani iliachwa, na nani alilala njaa. Kila kimoja kinaeleza jambo ambalo kingine hakikuliona. Lakini masimulizi nayo yana adabu zake za utafiti. Uliza aliyesimuliwa alisimuliwa na nani, na yule alikuwa na umri gani, alikuwa wapi. Rudi kwa mzee mwingine, wa ukoo mwingine, uliza jambo lile lile. Andika maneno ya Kimatumbi kama yalivyotamkwa kabla ya kuyaweka katika Kiswahili. Na kabla ya kuondoka, msomee mzee ulichoandika akusahihishe.

Asubuhi iliyofuata vijana wa kijiji walinipeleka kwenye pango la Nang'oma, baada ya wakubwa kuridhia. Ni pango kubwa, popo wakiruka juu, mwanga ukidondoka kwenye mwamba. Wenyeji wanasema familia zilijificha humu wakati wa vita. Simama ndani, hesabu ni watu wangapi wangeweza kukaa, maji yangetoka wapi, moshi wa jiko ungeonekana kutoka wapi. Mahali ni chanzo kama hati ilivyo chanzo.

Kilwa

Kilwa Kivinje ni mji wa milango ya nakshi na nyumba zilizochoka kwa chumvi. Boma la Wajerumani limesimama ufukweni likitazama mikoko. Katika mji huu mdogo kuna kumbukumbu mbili ambazo mwalimu akiwaonyesha wanafunzi hahitaji somo jingine. Moja ni mnara wa Wajerumani wawili waliouawa hapa mwaka 1888, watu wa pwani walipoikataa kampuni ya Kijerumani. Nyingine ni ya Mwembekinyonga, mahali ambapo wapinzani wa Wajerumani walinyongwa, akiwamo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Kila utawala uliwakumbuka wafu wake. Mwanafunzi akisimama mbele ya mnara wa kwanza na kuuliza kwa nini majina ya Wajerumani wawili yalichongwa mapema hivyo, na kwa nini ya wengine yalisubiri, amekwishaanza utafiti.

Usiku nilikula wali wa nazi na kolekole wa kupaka. Kulipokucha, kutoka Kilwa Masoko, nilivuka kwa mashua hadi Kisiwani. Tanga lilijaa upepo na kuta za Gereza zikaanza kuonekana juu ya maji. Msikiti Mkuu bado una nguzo na makuba yake. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, linaning'inia juu ya jabali na birika lake la pembe nane. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, na tangu 1981 magofu haya pamoja na ya Songo Mnara ni urithi wa dunia.

Kisiwani niliacha Maji Maji kwa muda, kwa sababu hakuna mahali panapofundisha vizuri zaidi namna ya kulinganisha vyanzo. Historia ya masultani wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno uliochapishwa na João de Barros mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyoko London. Zote zinamtaja Ali bin al-Hasan, aliyekuja kutoka Shiraz na kukipata kisiwa kwa nguo, lakini orodha zao za watawala hazilingani. Neville Chittick alipochimba hapa miaka ya 1960 alizitazama sarafu zenye jina la Ali akasema alitawala mwishoni mwa karne ya 12. Kisha mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikafukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, na wataalamu wengine wakamrudisha Ali nyuma, hadi karne ya 11. Vipande vya shaba na fedha visivyozidi ukucha wa kidole vimehamisha historia ya pwani kwa zaidi ya karne. Mwanafunzi anayeokota kigae au sarafu Kisiwani asikitie mfukoni. Kikiondolewa mahali pake, hakiwezi tena kusema kilikuwa cha nani na cha lini. Akipige picha, aandike mahali kilipo, amwite mhifadhi.

Lindi na njia ya bara

Lindi imejikunja kwenye ghuba yake. Mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji wakati watu walioiona vita bado walikuwa hai. Ulichapishwa na mtaalamu Mjerumani mwaka 1933, na tena mwaka 1957. Ni chanzo cha msingi kilichotungwa kwa Kiswahili, na hakuna kinachomzuia mwanafunzi wa kidato cha tatu kukisoma. Akisome akijua kwamba mtunzi alikuwa mtu wa mji wa pwani, akiyatazama mambo ya bara kwa macho ya mji wake, na kwamba huruma yake haikuwa kwa wapiganaji. Chanzo kinachoegemea upande mmoja hakitupwi. Hutajwa upande wake.

Kutoka Lindi barabara hupanda Masasi, penye majabali makubwa yaliyochomoza tambarare, kisha Tunduru, kisha misitu ya miombo isiyokwisha. Humu ndimo majeshi ya serikali yalimopita yakichoma vijiji na maghala. Ofisa mmoja alimwandikia Gavana Götzen kwamba njaa pekee ndiyo itakayowafanya watu wakubali kushindwa. Götzen mwenyewe alichapisha kitabu chake kuhusu vita hii mwaka 1909. Kwa hiyo hatuhitaji kukisia kama njaa ilikuwa silaha: waliokuwa nayo waliandika wenyewe.

Songea na Peramiho

Songea ni mji wa baridi ya asubuhi, ardhi nyekundu na mahindi. Nilipokewa kwa ugali, maharage na mbasa wa Ziwa Nyasa, na jioni ngoma ya lizombe ikachezwa kwenye sherehe ya jirani, wanaume wakirusha miguu hadi vumbi likapanda. Kesho yake nilikwenda Makumbusho ya Maji Maji.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi wa Wangoni, na kila mwaka tarehe hiyo mji hukusanyika kuwakumbuka. Kaburi la halaiki la mashujaa liko hapo hapo. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, ana kaburi lake peke yake, na ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika hapa, akakutana na wajukuu wa Nduna Songea, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake.

Ndani ya makumbusho kuna picha za mateka waliofungwa minyororo shingoni. Wanafunzi waliokuwapo walizitazama kwa uchungu, na ni haki yao. Mwalimu wao akawauliza swali ambalo nimelichukua kwenda nalo darasani kwangu: kamera ilikuwa mikononi mwa nani? Kimya kikapita, kisha msichana mmoja akajibu kwamba mpiga picha alikuwa upande wa wenye bunduki, na kwamba mateka wanamtazama yeye. Tangu hapo waliziangalia picha hizo kwa namna nyingine.

Peramiho ni mwendo mfupi kutoka mjini. Wabenediktini waliianzisha misheni hii mwaka 1898. Ilichomwa moto vitani, ikajengwa upya, na leo kanisa lake kubwa linaonekana kutoka mbali. Wamisionari walikuwa na desturi ya kuandika matukio ya kila kituo na kutuma habari kwao Ulaya. Padri aliyewabatiza baadhi ya viongozi wa Kingoni kabla ya kunyongwa aliacha maandishi ya siku zile. Yeye alikuwapo, aliyaona. Lakini aliyaona kama padri wa misheni, na alitaka kusimulia habari za wokovu. Weka maandishi hayo kando ya majina yaliyochongwa kaburini, kando ya masimulizi ya koo za Wangoni, kando ya majalada ya Upanga. Hapo ndipo siku ile ya Februari inapoanza kuonekana kwa upana wake.

Neno kwa mwanafunzi

Nimeipita njia yote hiyo nikikuta kila kituo kimeshika kipande chake: Upanga karatasi, Nandete kumbukumbu, Kilwa mawe, Lindi utenzi, Songea makaburi. Hakuna kituo kimoja kinachotosha, na hakuna kinachohitaji uende ng'ambo ili ukione.

Kuna jambo moja halingoji. Wanafunzi wa 1968 walizungumza na watu walioiona vita. Sisi tunazungumza na wajukuu wao, nao wanatuaga mmoja mmoja. Majalada ya Upanga yatakuwapo mwaka ujao. Mzee wa Nandete hatuna ahadi naye. Likizo hii, popote ulipo, iwe Umatumbi au Usukuma au Unguja, chagua tukio moja la mahali pako. Tafuta wazee wawili wa koo tofauti, omba ruhusa, uliza, sikiliza. Andika jina la msimulizi kama ameridhia, umri wake, nani alimsimulia, mahali na tarehe. Kisha nakala moja mpe yeye, nyingine iweke kwenye maktaba ya shule yako. Ukifanya hivyo, mtafiti atakayekuja miaka hamsini ijayo atalikuta jina lako miongoni mwa vyanzo vyake.